Goti Ambalo Hutaligusa

Mwanangu Nabwire,

Umeenda Bumala kusukwa nywele na mimi nimebaki hapa mezani na kalamu yako ya shule. Usicheke. Umenizoea kwa mdomo, si kwa karatasi. Lakini mdomo wangu unaujua: nikianza na kuku, nikifika mwisho ni mbuni. Kalamu inanichelewesha. Mimi niliachia darasa la sita, kila neno nalisukuma kama baiskeli yenye magunia ya muhogo kwenye tope, na hata uongo ukitaka kuingia unachoka njiani.

Mambo ya kuishi Malaba, kufunga mlango, kuchemsha maji na kuficha simu pale kwenye foleni ya trela, Anti Rosa amekwambia tangu Jumatatu. Siyarudii. Nina jambo moja tu, na hilo jambo limeshafika Malaba kabla yako.

Jana sikuenda Moding kuangalia ng'ombe kama nilivyowaambia. Nilienda Malaba. Niliposhuka nikasikia jina lako hata kabla sijafunga zipu ya koti. Lile gari la kanisa la Pasta Barasa, lenye spika juu, lilikuwa linatambaa kati ya trela na wauza ndizi. "Nabwire! Binti wa Marachi! Mikono ya Mungu! Hakuna mfupa unaomshinda! Leteni wote walioshindikana! Jumapili hii!" Na kwenye ukuta wa kibanda cha nyama nikaona picha yako, ile ya sare ya kwaya, wamekuongezea mwanga unatoka kwenye vidole.

Nilisimama nikasikiliza vizuri, kwa sababu yale maneno nayajua. Ni yangu. Hata pale yule kijana anayetangaza garini anapovuta pumzi ndipo ninapovuta mimi.

Nikaingia kanisani kumtafuta Pasta. Kwenye benchi la nyuma nikamkuta mama mmoja wa Kiteso na binti yake. Wamevuka kutoka upande wa Tororo na wamekuwa wakilala hapo hapo wakikungoja wewe. Mtoto anaitwa Amoit. Mguu wake wameulaza juu ya furushi la nguo. Goti limevimba mpaka ngozi inang'aa, na juu yake mishipa imejichora.

Nikamuuliza mama, "Alianguka wapi?"

"Hakuanguka."

"Aligongwa? Boda boda? Ng'ombe?"

"Hapana, baba. Lilianza tu kuuma usiku. Tukasema ni mtoto anakua."

"Tangu lini?"

"Tangu kupanda mtama."

Mtama umeshavunwa, Nabwire. Goti kama lile mimi nimeshaliona, na ili ujue wapi, lazima nikurudishe kwa kukhu wako Taaka, mama yangu mzazi, ambaye wewe ulimkuta ameshazeeka.

Mama alikuwa na mikono. Mimi nilikuwa na mdomo. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, sisi wawili kama jembe na mpini. Mgonjwa anakaa kwenye mkeka, mama ameuweka mguu wake mapajani, mafuta kwenye vidole, macho amefumba. Mimi nakaa upande wa kichwa. Namwambia huyo mtu habari za kiboko aliyetoka mto Sio akaingia kanisani wakati wa sadaka, akaketi kiti cha wazee wa kanisa, na mhazini akampitishia kikapu kwa heshima. Mgonjwa anaanza kusikiliza. Shingo inalegea. Anauliza, "Halafu?" Na pale pale kwenye "halafu" mama anavuta. Mtu anapiga kelele moja, anashangaa kwamba imeisha, halafu anataka kujua kiboko alitoa nini.

Kusema kweli, kutoka Butula mpaka Sio Port hajazaliwa mtu wa kumshika mgonjwa kwa maneno kama mimi. Hilo silipunguzi, kwa sababu ni kweli na Mungu ndiye alinipa. Kulikuwa na mvuvi mmoja aliyesahau kabisa ni mkono gani umevunjika.

Lakini mikono sikupewa. Hilo nilikataa kulijua kwa muda mrefu.

Siku moja askofu alikuja kwetu Butula. Alikuwa amesikia habari za mama, akamwita mbele ya watu wote, akamshika bega, akasema, "Mama Taaka, mikono yako inafanya miujiza." Watu wakapiga makofi. Mimi nikajiweka karibu ili picha isinikose. Mama akangoja makofi yaishe. Akasema, "Baba Askofu, ni vidole tu. Mkono naweza. Bega naweza. Kifundo naweza. Nyonga siwezi. Paja la mtu mzima siwezi. Na mfupa uliotoboa ngozi, hata usiniletee." Kisha akarudi kuketi.

Niliona aibu nikataka ardhi inimeze. Tulipofika nyumbani nilimgombeza. "Mama, umeharibu! Mtu amekusifu mbele ya askari na chifu, wewe unaanza kuhesabu usivyoviweza?" Akaniambia, "Aliniuliza kuhusu mikono yangu. Nimemwambia." Akaendelea kuchagua mawe kwenye maharagwe.

Mimi nilidhani unyenyekevu ni vile watu wetu wanavyosimama kanisani kushuhudia: mimi ni mavumbi, mimi si kitu, mimi ni mdudu mbele za Bwana. Nimewasikia, na mimi mwenyewe nimelia machozi nikijiita mdudu, huku jicho moja liko wazi kuona nani ananiangalia. Mama hakujiita mdudu hata siku moja. Wala hakujiita mikono ya Mungu. Alikuwa anajua kipimo chake kama mtu anavyojua debe la nyumbani kwake. Yule mtume aliyeandikia makanisa alisema mtu asijione zaidi ya alivyo, ajikadirie kwa akili timamu. Mama hakujua kusoma, ila hilo alikuwa analifanya kila siku na mafuta mkononi.

Na swali lake la kwanza kwa kila mgonjwa lilikuwa hilo hilo: ulianguka wapi? Kama mtu hana mahali alipoangukia, mama ananawa mikono na kumwambia aende hospitali. Hakandi, hata kidogo. Wengine walilia, wengine walimtukana, mmoja alimwita mchawi. Aliwarudisha wengi, mwanangu. Wengi kuliko aliowashika. Lakini wewe hujawahi kusikia habari zao, na unajua kwa nini? Kwa sababu msimulizi wa nyumba hii ni mimi. Aliyepona nilimbeba mpaka Uganda na kurudi. Aliyerudishwa nilimwacha langoni.

Mama alipofariki watu waliendelea kuja. Ningewaambia mikono imezikwa, umebaki mdomo. Sikusema. Nilinunua mafuta.

Vifundo na vidole nilivikanda, vikapona, maana vingepona hata vikikandwa na mbuzi. Kisha akaja Okumu, fundi wa cherehani, kijana mpole sana. Goti lake lilikuwa limevimba. Nilimuuliza alianguka wapi, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kusikia. Akasema hakuanguka. Na mimi, mwanangu, nilikuwa nimeshakaa, wazazi wake wanatazama, majirani wako mlangoni. Nikasema, "Basi uliangukia usingizini." Wakacheka wote. Nikaanza kukanda.

Alikuja kwangu majuma mengi. Nilimpa hadithi zangu zote, hata nikatunga mpya kwa ajili yake, na alizipenda. Goti likakua. Nikasema ni ugonjwa unatoka. Alipopelekwa hospitali mwishowe, daktari, binti mdogo tu, aliligusa kwa vidole viwili akauliza, "Nani alikuwa anakanda hapa?" Baba yake Okumu akanitazama. Daktari akaandika, akasema, "Huu ni uvimbe wa ndani ya mfupa. Mngekuja mapema..." Hakumalizia, na mimi sikumwomba amalizie.

Sijui kama angepona. Sitakudanganya kwamba najua. Ninachojua ni kwamba ule muda ulikuwa wake, na mimi niliula.

Kwenye mazishi yake waliniomba niseme machache, kwa kuwa ninajua kusema. Nikasimama, Nabwire. Niliwachekesha, nikawaliza, nikawachekesha tena. Baba yake akaja kunishika mkono, akasema, "Asante, umemheshimu mtoto wangu." Huo mkono bado nausikia. Tangu siku hiyo sijamkanda mtu mzima wala mtoto, na nilikwambia ni kwa sababu ya maumivu ya vidole. Sina maumivu ya vidole.

Halafu wewe ukatokea na mikono ya kukhu wako, na mimi nikapata tena kitu cha kusimulia.

Sasa nisikilize, maana hapa lazima nibomoe nyumba niliyokujengea mwenyewe. Yule dereva wa trela, ambaye nasema mguu wake ulikuwa vipande vitatu ukamsimamisha, mguu wake haukuvunjika. Kifundo kiliteguka. Ulikikanda vizuri, akapata nafuu, na aliondoka amekaa kiti cha abiria, dereva mwingine ndiye aliyeshika usukani. Fahali wa Moding, ninayesema ulimponya mguu, hakuwa fahali. Alikuwa ndama, na alichechemea mpaka siku alipouzwa. Wewe ulikuwa mdogo, ulikumbuka nilivyokumbuka mimi. Kila nilipozirudia hadithi hizo ulikuwa unatabasamu, na nikaona huyu mtoto asiye na mama wala baba anapata cha kujivunia, acha nimwongezee. Mama yako, dada yangu Ajambo, hakukuachia kitu kingine.

Lakini kuna moja ya kweli, na hiyo siisimulii kwa sababu haina makelele. Sio Port, pale kwenye nyavu za omena. Mvuvi bega lilikuwa limetoka, amelia mpaka sauti imekwisha. Nikakaa upande wa kichwa nikaanza habari za kiboko. Nilikuwa sijamfikisha hata mlangoni mwa kanisa, wewe ukasema taratibu, "Mjomba, imeingia." Yule mtu alikuwa hajajua. Akauliza, "Nini imeingia?" Nilikasirika, nakwambia ukweli, kwa sababu hadithi yangu ilikatwa. Mama yangu mwenyewe hakuwahi kurudisha bega kimya namna ile. Hicho ndicho ulichopewa. Ni kikubwa. Hakihitaji hadithi zangu za kukisimamisha.

Na usije ukasema huwezi unachoweza. Huo nao ni uongo, ni wa kuomba sifa kwa mlango wa nyuma. Mkono wa mtoto uliovunjika bila kutoboa ngozi, unaweza. Bega, unaweza kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kifundo, kidole, kiwiko kama hakijakaa siku nyingi. Nyonga ya mzee huwezi. Paja huwezi. Na kitu kisicho na mahali pa kuanguka si chako, hata mikono ikiwaka moto.

Nasema hivyo kwa sababu nimekuona. Juma hili umeanza kuitazama mikono yako ukiosha vyombo. Umekataa kumenya muhogo, ukasema hii mikono sasa ina kazi nyingine. Alhamisi Anti Rosa alikwambia mzee Egesa ana nyonga inamsumbua. Hukuuliza alianguka wapi. Ulisema, "Mwambie aje Malaba Jumapili." Ile sauti niliijua mara moja. Ilikuwa yangu, imetoka kwenye mdomo wako.

Ndiyo maana nilienda Malaba. Sasa nikwambie ilivyokuwa na Pasta.

"Mjomba wa nyota!" akaniita kutoka madhabahuni. "Karibu mzee! Umeleta mabegi yake?"

"Nimekuja kwa ajili ya yule mtoto wa goti. Apelekwe hospitali leo."

Akacheka. "Mzee Wandera, si ni wewe uliniambia kule kwenye harusi Butula kwamba alimsimamisha dereva mwenye mguu vipande vitatu?"

"Nilisema."

"Basi?"

"Haukuwa umevunjika."

"Na fahali?"

"Ndama."

Vijana wa vyombo vya muziki wakaacha kufunga nyaya. Mmoja akasema, "Leo mzee ameamka na breki." Mwingine akasema, "Ni wivu huo. Ameona nyota inapaa na yeye hayuko kwenye bango." Pasta akanipiga bega kwa upole, kama mtu anayemtuliza punda. "Imani imepungua, mzee wangu. Nenda ukaombe. Jumapili huyo mtoto ndiye wa kwanza, nataka watu waone."

Nimekuandikia hilo neno kama alivyolisema. Wa kwanza. Mbele ya maiki.

Nikarudi kwa mama Amoit. Nilipiga magoti chini kabisa, mimi na suruali yangu nzuri. Nikamwambia, mama, mchukue mtoto, twende sasa hivi. Akanikazia macho.

"Wewe si ndiye nilikusikia sokoni, pale kwa wauza mitumba? Ulisema hakuna mfupa unaomshinda."

"Ni mimi. Nilidanganya."

"Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Mwanangu, nimejibizana na polisi wa mpakani, na makanga, na wake za watu, sijawahi kukosa neno. Pale nilikosa. Akavuta shuka akamfunika mtoto mguu nisiuone. "Mimi nangoja mikono, baba. Mdomo nimeshausikia."

Unaona ilivyo? Ningesema ukweli miaka yote, jana ningeaminika kwa sentensi moja. Sasa kuna mtu mmoja tu ambaye yule mama atamsikiliza, naye anasukwa nywele Bumala.

Kesho gari la kanisa litakuja kukuchukua. Siwezi kukuzuia na sitaki, maana kipawa si cha kufichwa Marachi chini ya kitanda changu. Utafika watu wamejaa. Ngoma zitapigwa. Watakuletea yule mtoto amebebwa, na Pasta atakwambia, "Wewe gusa tu kwa imani, Mungu atamalizia." Watu watapiga kelele, na mikono yako itapata joto, itapata, nakwambia, yangu pia ilipata joto juu ya Okumu. Joto halina akili. Muulize mama yake alianguka wapi. Muulize kwa sauti, kwenye maiki, wote wasikie. Atakwambia hakuanguka. Halafu sema, "Hili siliwezi. Hili ni la hospitali, na ni leo."

Usiseme "Bwana ameniambia". Usiseme mjomba amekukataza. Sema siwezi, wewe, kwa mdomo wako.

Sitakuficha kitakachofuata. Huenda watanyamaza, na kunyamaza kwa kanisa zima ni kubaya kuliko mawe. Huenda Pasta atakunyang'anya maiki na kusema shetani amekufunga. Huenda bango litang'olewa kabla ya chakula cha mchana na ukarudi hapa na mabegi yako jioni hiyo hiyo. Wakikufukuza, kitanda chako Anti Rosa hatakitandua. Lakini ukiligusa lile goti, hata kwa kidole kimoja, hata kwa kuombea tu, mama yake atasema ameshatibiwa, atamrudisha nyumbani kungoja apone. Na atangoja. Mimi nimeshaona kungoja huko mpaka mwisho wake.

Nimeomba tangu asubuhi. Sikuomba kwa sauti. Nimemwomba Mungu akupe ile aibu ndogo ya mama yangu mbele ya askofu, maana mimi niliyeona aibu siku ile nilikuwa mjinga na yeye alikuwa amekaa anachagua maharagwe yake kwa amani.

Nimeongea na Juma wa Busia, yule mwenye gari jeupe. Kesho kabla ya ibada atakuwa ameegesha mlango wa kando wa kanisa, uso wa gari ukielekea barabarani. Kiti cha nyuma nimeomba akilaze, na nimemtafutia mto na blanketi ili ule mguu usigongwe na mashimo. Kazi yako ni kumtoa mtoto na mama yake mpaka mlangoni tu. Mimi nitakuwa kiti cha mbele. Nimemwahidi Juma sitasema hata neno moja, na yeye amecheka, hajaamini.

Tutaacha injini inawaka. Nitakuwa natazama ule mlango, nione unatoka na nani.

Mjomba wako aliyekulea,
Wandera